HESABU YA PEMBE NA MWELEKEO WA QIBLA: Jinsi ya kupata thamani isiyojulikana kwa kutumia kanuni na robo za duara

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, sahaba zake na wote waliofuata uongofu wao. Ama baad,



Huenda wengine mkashangaa kuona somo la sini, kosini na tanjenti ndani ya jarida la madrasa. Mtauliza, "Ustadhi, haya si ya kule sekondari?" Ndiyo, ni ya sekondari. Lakini kabla ya kufika sekondari yalikuwa ya misikitini. Watu waliotaka kujua Al-Kaaba iko upande gani, na Alasiri inaingia saa ngapi, ndio walioikuza elimu hii mpaka ikawa hivi tunavyoisoma leo. Basi tukiirudisha madrasa tutakuwa tumeirudisha nyumbani.

Katika somo hili, inshaallah, tutajifunza jambo moja: ukipewa thamani moja ya pembe, kwa mfano sini yake, utazipataje nyingine mbili, yaani kosini na tanjenti? Na tutaona kwamba kanuni peke yake haitoshi. Kanuni inakupa namba, lakini haikwambii uko upande gani. Upande unaujua kwa kuangalia robo ya duara. Asiyeangalia robo hukosa alama za mtihani, na katika qibla anaweza kuipa Al-Kaaba mgongo huku namba zake zote zikiwa sahihi.

WALIOTUTANGULIA

Al-Battani, aliyefariki mwaka 929, alifanya kazi yake ya nyota katika mji wa Raqqa, Shamu. Yeye alitumia sini katika hesabu zake badala ya nyuzi za duara walizotumia Wagiriki. Abu al-Wafa al-Buzjani (940 hadi 998), aliyeishi Baghdad, alizitumia thamani zote sita za pembe na kutengeneza majedwali yake. Al-Biruni (973 hadi 1048) aliandika kitabu kizima cha kupima mahali miji ilipo duniani, na moja ya makusudio yake makubwa lilikuwa kupata qibla ya mji wa Ghazna. Nasir al-Din al-Tusi (1201 hadi 1274) ndiye aliyeifanya elimu ya pembe isimame peke yake, isiwe tena mlango mdogo ndani ya elimu ya nyota. Na katika karne ya 14, Al-Khalili, mtunza nyakati za sala katika mji wa Damascus, alitengeneza jedwali la qibla kwa ajili ya miji ya latitudo na longitudo nyingi.

Hata majina yana historia. Tanjenti waliiita "dhill", maana yake kivuli, kwa sababu ilitokana na kupima kivuli cha kijiti. Sini waliiita "jayb", neno ambalo kwa Kiarabu pia lina maana ya mfuko au mpindo wa nguo kifuani. Wazungu walipofasiri vitabu vya Kiarabu katika karne ya 12 walilitia neno hilo kwa Kilatini "sinus", lenye maana hiyo hiyo ya mpindo. Ndiyo sin yetu ya leo.

Tuingie kwenye somo.

DUARA NA ROBO ZAKE NNE

Chora duara. Pitisha katikati yake mstari wa kulala na mstari wa kusimama. Duara limegawika robo nne. Tunaanza kuhesabu pembe kutoka mkono wa kulia, tukipanda juu kinyume cha saa:

Robo ya kwanza: kutoka nyuzi 0 hadi 90.
Robo ya pili: kutoka nyuzi 90 hadi 180.
Robo ya tatu: kutoka nyuzi 180 hadi 270.
Robo ya nne: kutoka nyuzi 270 hadi 360.

Sasa weka nukta juu ya duara na uiunganishe na katikati. Mstari huo tuuite r. Umbali wa nukta kwenda kulia au kushoto tuuite x. Umbali wake kwenda juu au chini tuuite y. Pembe iliyofanyika katikati tuiite A. Basi:

sin A = y/r
cos A = x/r
tan A = y/x

Urefu r ni chanya siku zote, kwa sababu hakuna urefu hasi. Lakini x ni chanya kulia na hasi kushoto, na y ni chanya juu na hasi chini. Hapo ndipo alama zinapotoka:

Robo ya kwanza (kulia, juu): zote tatu ni chanya.
Robo ya pili (kushoto, juu): sini peke yake ni chanya.
Robo ya tatu (kushoto, chini): tanjenti peke yake ni chanya, kwani hasi kwa hasi ni chanya.
Robo ya nne (kulia, chini): kosini peke yake ni chanya.

Ili usisahau, shika maneno haya: "Zainabu, Soma Tena Kitabu." Z ni Zote, S ni Sini, T ni Tanjenti, K ni Kosini. Lakini aliyefahamu x na y hata akisahau maneno hayo atayapata tena mwenyewe.

KANUNI TATU

Katika pembetatu yenye pembe mraba, x² + y² = r². Hii ni kanuni ya Pythagoras mnayoijua. Gawanya kila upande kwa r², utapata:

Kanuni ya 1: sin² A + cos² A = 1

Gawanya y/r kwa x/r, utapata:

Kanuni ya 2: tan A = sin A ÷ cos A

Na ukiigawanya kanuni ya 1 kwa cos² A, utapata:

Kanuni ya 3: 1 + tan² A = 1 ÷ cos² A

Kanuni hizi ni kweli kwa pembe yoyote ile, isipokuwa ya 2 na ya 3 hazitumiki pale cos A inapokuwa sifuri, kwa sababu huwezi kugawanya kwa sifuri. Zinaitwa utambulisho kwa kuwa hazibadiliki ukibadilisha pembe.

Angalia jambo moja. Kanuni ya 1 na ya 3 zina namba zilizozidishwa kwa zenyewe. Ukitaka kupata cos A itakubidi utafute kipeuo cha pili. Na kila kipeuo cha pili cha namba chanya kina majibu mawili: kipeuo cha 16 ni 4 na pia ni −4. Kanuni haijui uchague lipi. Robo ndiyo inayochagua.

HATUA ZA KUFUATA

1. Tambua pembe iko robo ipi. Fanya hivi kwanza, kabla ya kugusa namba yoyote.
2. Andika alama ya kila thamani katika robo hiyo.
3. Tumia kanuni kupata namba.
4. Weka alama uliyoiandika katika hatua ya 2.
5. Hakiki jibu kwa kanuni ya 1.

Mfano wa 1. sin A = 3/5, na A iko robo ya pili. Tafuta cos A na tan A.

Robo ya pili: sini chanya, kosini hasi, tanjenti hasi.
cos² A = 1 − 9/25 = 16/25.
Kipeuo chake ni 4/5 au −4/5. Robo imesema hasi, kwa hiyo cos A = −4/5.
tan A = 3/5 ÷ (−4/5) = −3/4.
Hakiki: 9/25 + 16/25 = 25/25 = 1. Sawa.

Mfano wa 2. tan A = 5/12, na A iko kati ya nyuzi 180 na 270. Tafuta sin A na cos A.

Hii ni robo ya tatu: sini hasi, kosini hasi.
1 ÷ cos² A = 1 + 25/144 = 169/144. Kwa hiyo cos² A = 144/169.
cos A = −12/13.
sin A = tan A × cos A = 5/12 × (−12/13) = −5/13.
Hakiki: 25/169 + 144/169 = 1. Sawa.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaona 5/12 ni chanya, wanadhani kila kitu ni chanya, wanaandika 5/13 na 12/13. Hayo ni majibu ya pembe ya robo ya kwanza, wala si ya pembe tuliyoulizwa.

Mfano wa 3. cos A = 8/17, na tan A ni hasi. Tafuta sin A na tan A.

Hapa hatukuambiwa robo, tumepewa dalili. Kosini ni chanya katika robo ya kwanza na ya nne. Tanjenti ni hasi katika robo ya pili na ya nne. Robo inayokubali yote mawili ni ya nne tu. Basi sini ni hasi.
sin² A = 1 − 64/289 = 225/289.
sin A = −15/17.
tan A = −15/17 ÷ 8/17 = −15/8.

Kumbuka: thamani moja haitoshi kuijua robo, ila ni lazima upate dalili ya pili. Ni kama kesi isiyokamilika kwa shahidi mmoja.

SASA TUELEKEE QIBLA

Allah (S.W.) ametuamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 144, kuelekeza nyuso zetu upande wa Msikiti Mtakatifu popote tulipo. Kwa anayeiona Al-Kaaba hakuna hesabu. Kwa aliye mbali, wanazuoni wa hesabu walitengeneza kanuni. Kwa maandishi yetu ya leo tunaiandika hivi:

tan Q = sin L ÷ (cos B × tan M − sin B × cos L)

Q ni pembe ya qibla, tunayoihesabu kutoka Kaskazini kwa kufuata saa. B ni latitudo ya mji wako, chanya ukiwa Kaskazini ya Ikweta na hasi ukiwa Kusini. M ni latitudo ya Makka, nyuzi 21.42. L ni longitudo ya Makka, ambayo ni 39.83 Mashariki, ukitoa longitudo ya mji wako.

Mwanafunzi makini atauliza, "Ustadhi, mwanzo tulihesabu kutoka kulia kinyume cha saa, sasa tunahesabu kutoka Kaskazini kwa kufuata saa. Je, alama hazitabadilika?" Hazibadiliki. Ila sasa sini inatupa mwendo wa Mashariki (chanya) au Magharibi (hasi), na kosini inatupa mwendo wa Kaskazini (chanya) au Kusini (hasi). Hivyo robo zetu zinakuwa:

Robo ya kwanza, nyuzi 0 hadi 90: Kaskazini Mashariki.
Robo ya pili, nyuzi 90 hadi 180: Kusini Mashariki.
Robo ya tatu, nyuzi 180 hadi 270: Kusini Magharibi.
Robo ya nne, nyuzi 270 hadi 360: Kaskazini Magharibi.

Katika kanuni ya qibla, namba ya juu ina alama ya sini, na namba ya chini ina alama ya kosini. Zitazame kabla hujazigawanya, kwa sababu ukishagawanya alama mbili zimekuwa moja na dalili imepotea.

Tuichukue miji minne.

Kigoma (latitudo −4.88, longitudo 29.63). Namba ya juu ni 0.1771, ya chini ni 0.4746. Zote chanya: robo ya kwanza. tan Q = 0.373, na Q ni karibu nyuzi 20 na nusu. Qibla ni Kaskazini ikielekea Mashariki.

Mogadishu (latitudo 2.04, longitudo 45.34). Ya juu ni −0.0960, ya chini ni 0.3566. Sini hasi, kosini chanya: robo ya nne. tan Q = −0.269. Pembe ndogo ni karibu nyuzi 15, kwa hiyo Q = 360 − 15 = 345. Qibla ni Kaskazini ikielekea Magharibi.

Istanbul (latitudo 41.01, longitudo 28.98). Ya juu ni 0.1882, ya chini ni −0.3484. Sini chanya, kosini hasi: robo ya pili. tan Q = −0.54. Pembe ndogo ni nyuzi 28.4, kwa hiyo Q = 180 − 28.4 = 151.6. Qibla ni Kusini ikielekea Mashariki.

Riyadh (latitudo 24.71, longitudo 46.68). Ya juu ni −0.1193, ya chini ni −0.0587. Zote hasi: robo ya tatu. tan Q = 2.03. Pembe ndogo ni karibu nyuzi 64, kwa hiyo Q = 180 + 64 = 244. Qibla ni Kusini Magharibi.

Miji minne, robo nne. Sasa chukua kalkuleta, iulize pembe ambayo tanjenti yake ni −0.54. Itakujibu −28.4, yaani nyuzi 28.4 Magharibi ya Kaskazini. Mtu wa Istanbul akiifuata atatazama Ulaya, na Makka itakuwa nyuma ya mgongo wake kabisa, tofauti ya nyuzi 180 kamili. Kalkuleta haikukosea. Iliulizwa tanjenti tu, ikajibu tanjenti tu. Kwa Riyadh vivyo hivyo: itakupa nyuzi 64, Kaskazini Mashariki, kinyume kabisa cha qibla.

Hao wazee wa zamani hawakuwa wakiandika alama za hasi katika hesabu hizi kama sisi. Walisema kwa maneno: mji uko Kaskazini ya Makka au Kusini yake, Mashariki au Magharibi, na kila hali wakaieleza kwa namna yake. Kwa hiyo walilazimika kuujua upande kabla ya kupiga hesabu. Sisi tumepewa alama ndogo ya kutoa badala ya maneno yote hayo, tukaidharau kwa udogo wake.

Na sisi wa pwani? Longitudo zetu zinakaribiana mno na ya Makka. Dar es Salaam na Zanzibar qibla ni Kaskazini pamoja na nyuzi 1 hivi kuelekea Mashariki. Mombasa hata nyuzi moja haifiki. Ndiyo maana wazee wetu wakituambia "elekea Kaskazini", na wamesema kweli. Lakini kijana wa Dar es Salaam akihamia Kigoma kwa kazi au masomo, na akachukua Kaskazini yake ya nyumbani, atakuwa amekwenda kando kwa nyuzi 20. Mstari wake utapita jangwa la Sudan, na utaiacha Makka Mashariki yake kwa zaidi ya kilomita 1,000. Mazoea ya mji mmoja si dalili katika mji mwingine.

KUCHORA MSTARI WA SAFU BILA KIPIMA PEMBE

Hapa ndipo utakapoona faida ya kutafuta sini na kosini kutoka kwenye tanjenti. Tuseme mnajenga msala Kigoma, na fundi ana kamba na futi tu. Mnajua tan Q = 0.373, robo ya kwanza.

1 ÷ cos² Q = 1 + 0.139 = 1.139.
Kipeuo cha 1.139 ni 1.067. Kwa hiyo cos Q = 1 ÷ 1.067 = 0.937, chanya.
sin Q = 0.373 × 0.937 = 0.35, chanya.

Maana yake, katika kila sentimita 100 za kuelekea qibla, unakwenda karibu sentimita 94 Kaskazini na sentimita 35 Mashariki. Fundi apime sentimita 94 kwenda Kaskazini, kisha akunje kona ya mraba apime 35 kwenda Mashariki, aweke alama. Kamba kutoka mwanzo hadi kwenye alama ndiyo mwelekeo wa qibla. Safu zichorwe kwa kuikata kamba hiyo kwa pembe mraba.

Kwa Istanbul utapata cos Q = −0.88 na sin Q = 0.475. Alama ya hasi inamwambia fundi aende Kusini sentimita 88, si Kaskazini.

Kaskazini yenyewe mtaipataje? Dira huonyesha Kaskazini ya sumaku, nayo hutofautiana na Kaskazini ya kweli, tena chuma kilicho karibu huivuta. Njia ya zamani ni nzuri: simamisha kijiti wima mahali tambarare, chora duara kukizunguka. Asubuhi weka alama pale ncha ya kivuli inapoingia ndani ya duara, na alasiri pale inapotoka. Mstari unaounganisha alama hizo mbili ni Mashariki na Magharibi. Ukate kwa pembe mraba, umepata Kaskazini na Kusini.

HAKIKI KWA JUA

Hatua ya 5 ilikuwa kuhakiki. Qibla nayo ina uhakiki wake. Kila mwaka jua hupita juu kabisa ya Makka mara mbili: tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27 mchana. Saa za Makka na saa za Afrika Mashariki ni zile zile, kwa hiyo hamna haja ya kuongeza wala kupunguza. Wakati huo jua likiwa juu ya Makka, aliyelielekea jua ameielekea qibla, na kivuli cha kijiti kilichosimama wima kinaelekea kinyume chake. Wanafunzi wa darasa la juu wapige hesabu kwanza, kisha siku hiyo watoke uani walinganishe mstari wao na kivuli. Msilitazame jua kwa macho, tazameni kivuli.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

1. Kuanza na kanuni kabla ya robo. Jibu linatoka chanya, na mwanafunzi anaridhika nalo.
2. Kusahau kutafuta kipeuo. Mtu anapata cos² A = 16/25 anaandika cos A = 16/25.
3. Kuandika sin A = 1 − cos A. Si kweli. Zinazojumlishwa kuwa 1 ni sini na kosini zilizozidishwa kwa zenyewe.
4. Kupata sini au kosini inayozidi 1. Ukiona hivyo rudi nyuma, kwani y na x haziwezi kuzidi r. Tanjenti peke yake inaweza kuzidi.
5. Kuiamini kalkuleta kuliko mchoro. Chora duara dogo pembeni mwa karatasi, weka nukta kwenye robo yake, halafu endelea.

ZOEZI

1. sin A = 5/13, robo ya pili. Tafuta cos A na tan A.
2. cos A = −7/25, A iko kati ya nyuzi 180 na 270. Tafuta sin A na tan A.
3. tan A = −8/15, na sin A ni chanya. Tafuta sin A na cos A.
4. Katika mji fulani kanuni ya qibla imetoa namba ya juu −0.12 na ya chini 0.16. Qibla iko robo ipi? Tafuta sin Q na cos Q, kisha eleza fundi apime vipi katika mita moja.

Jaribu kwanza, majibu utazame baadaye.

MAJIBU

1. cos A = −12/13, tan A = −5/12.
2. sin A = −24/25, tan A = 24/7.
3. Robo ya pili. sin A = 8/17, cos A = −15/17.
4. Robo ya nne, Kaskazini Magharibi. tan Q = −0.75, cos Q = 0.8, sin Q = −0.6. Fundi apime sentimita 80 Kaskazini, kisha 60 Magharibi.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu wapendwa, mtoto akisema hesabu hazina faida katika dini, msimkubalie. Mwambieni kwamba saa ya ukutani msikitini, kalenda ya Ramadhani na mihrabu anayosimama imamu vyote vimepita katika mikono ya watu waliojua hesabu. Na mtoto akisema madrasa inampotezea muda wa hesabu, hilo nalo msilikubali. Al-Khalili aliyetengeneza jedwali la qibla alikuwa mtumishi wa msikiti.

Na ninyi wanafunzi, musitumie somo hili kuwabughudhi wazee msikitini kwa nyuzi moja au mbili. Dini yetu ni nyepesi, na aliyejitahidi kwa uwezo wake ana hukumu yake katika fiqhi. Mkiona msikiti una mashaka ya qibla, pigeni hesabu, hakikini kwa kivuli, kisha mpelekeeni imamu kwa adabu. Elimu ikifika bila adabu hata iliyo sahihi hukataliwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, atuongoze kwenye mwelekeo ulio sawa katika sala zetu na katika maisha yetu, na awalipe kheri waalimu wetu na wazazi wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.